Fundi wa diski Kariakoo: nimempelekea vitu vya mashine ya DJ mara tatu, rivyu yangu hii hapa

Niseme mapema tusije tukagombana, hii rivyu ni ya fundi, sio ya mashine. Mashine yenyewe jina silitaji kwasababu mara zote tatu kosa halikuwa lake, japo mara zote tatu nilikuwa naitukana yenyewe. Ni zile zinazojitegemea bila laptopu, deki na miksa na kioo vyote kwenye boksi moja, nyimbo unazijaza kwenye diski unaenda kwenye shughuli na begi moja mgongoni basi. Raha yake ndo hiyo. Ubaya wake diski ikigoma hauna pa kukimbilia, unabaki na meza inayowaka taa mbele ya watu mia tatu waliovaa sare.

Fundi naye jina simtaji, sijamuomba ruhusa, na namba yake msiniombe. Ni mzee wa makamo, alianzia kwenye redio kaseti na video deki, sasaivi anafanya diski tu. Yuko Kariakoo ghorofa ya tatu, ngazi nyembamba mnapishana kwa ubavu, kichumba wanakaa watatu, mmoja simu, kijana mmoja anauza kava na vispika vya bluetooth, yeye yuko kwenye kona na feni moja na kompyuta mbili zisizo na mifuniko. Ukiingia shikamoo kwanza, alafu unakaa kwenye ndoo iliyogeuzwa. Kama we ni mtu wa kiyoyozi na dada wa mapokezi pale hapakufai.

Mara ya kwanza nilienda na diski ya nje, ile ndogo ya inchi 2.5 ya kuchomeka USB. Tatizo lilikuwa hivi, ukichomeka kwenye mashine inaonekana, folda zinatokea, unachagua wimbo, mara imepotea. Sekunde kumi baadae inarudi yenyewe kama hakuna kilichotokea. Nyumbani kwenye laptopu haina shida yoyote, ukumbini inanidhalilisha. Mi nikajua tundu la USB la mashine limekufa, nilishaanza kupiga hesabu ya kuuza pikipiki.

Mzee hakugusa kompyuta kabisa. Aliniuliza siku ile nilichomeka kwa waya upi, nikautoa. Akachomeka diski kwa waya uleule, akaiweka sikioni kama mtoto anavosikiliza kombe la pwani, akafumba macho. Alafu akanipa na mimi nisikie. Inaanza kuzunguka vvvvv, inafika mahali, tik, inakata, inaanza upya, vvvvv, tik.

"Hii haijafa mwanangu," akasema. "Hii ina njaa."

Njaa ya umeme. Tundu la USB 2.0 kwa kanuni linatoa miliampea 500, la USB 3.0 linatoa 900, na diski ya kuzunguka pale inapoanza kukimbia inaweza kudai karibu ampea nzima kwa sekunde chache. Laptopu nyingi zina huruma zinaizidishia kidogo, vifaa vingine vinafuata sheria, sasa diski ikikosa nguvu inazima inajaribu tena, ikikosa inazima tena, na kwenye kioo wewe unaona diski ipo, diski haipo. Na mi nilikuwa nimefanya ujinga juu ya ujinga, waya wake wa asili ulipotea nikawa natumia waya wa simu, maana lile tundu pana la diski ukichomeka waya mdogo wa simu za zamani upande mmoja unaingia na kazi inafanyika, ila polepole na kwa nguvu kidogo. Waya mrefu, mwembamba, wa elfu mbili.

Akanipa waya mfupi mnene wenye miguu miwili, mmoja unaingia kwenye mashine, mwingine kwenye chaja ya simu. Elfu kumi. Ya ufundi hakuchukua. Pikipiki ninayo mpaka leo.

Kabla sijashuka akanambia kitu ambacho nakiweka hapa kwasababu kimenisaidia sana: ile tik moja alafu kuanza upya ni njaa, lakini ikipewa umeme wa kutosha na bado inapiga tik tik tik tik bila kuacha, hapo vichwa vya diski, vile vya kusomea, vinatafuta njia havioni, izime papohapo, na usiiwashe tena hata kwa kujaribu tu maana kila ukijaribu unakwaruza.

Mara ya pili nitaipitia haraka maana inaniaibisha. Rafiki yangu mmoja ananipa nyimbo, yeye anatumia Mac, mi natumia Windows, diski ikawa inazunguka kwetu wawili kama gari ya kuazima. Siku moja nikaifomati mwenyewe NTFS, ule mpangilio wa Windows wa kuhifadhi mafaili kwenye diski, mashine ikakataa kuiona kabisa, nikaenda Kariakoo mbio na uso umenishuka. Mzee akacheka tu. Mashine nyingi za DJ NTFS hazisomi, zile CDJ-2000 za Pioneer za 2009 mfano zinasoma FAT na HFS+ ya Mac lakini NTFS na exFAT hapana, hizi za Denon DJ kama Prime 4 zinakubali FAT32 na exFAT. Kwahiyo soma kitabu cha mashine yako kwanza ujue inakula nini. Na kama umehangaika kuweka FAT32 kwenye diski kubwa ukashangaa Windows haikupi hata hiyo chaguo, sio wewe, kile kidirisha chake cha kufomati kwa miaka mingi kimekuwa kinaikatalia FAT32 ukizidi GB 32, hapo unatumia njia nyingine.

Akanionesha na vile vifaili vinavyoanza na nukta na kistari chini. Nilikuwa naona kila wimbo uko mara mbili kwenye kioo, mmoja unapiga, mwingine ukiugusa mashine inasema haisomi, nikawa nasema diski inaoza. Kumbe ni Mac inaacha vikaratasi vyake pembeni ya kila faili ikikopi kwenye diski ambayo sio ya Kimac. Vinafutika, havina madhara. Elfu tano na mahubiri ya dakika ishirini kuhusu kuchomoa diski bila kuisimamisha kwanza. Mahubiri nilistahili. Nilikuwa nachomoa tu, shughuli imeisha, MC anaaga, mi nishachomoa, wakati mashine bado inaandika historia ya nyimbo nilizopiga. Ile batani ya kutoa USB haikuwekwa kwa urembo, unaiminya unasubiri taa itulie ndo unachomoa.

Sasa mara ya tatu. Hapa kaeni vizuri.

Baada ya zile kero za waya nikaamua nitoke kwenye diski za nje kabisa. Mashine kama Prime 4 ya 2019 au deki za SC6000 za 2020 zina nafasi ya kuweka diski ya inchi 2.5 ya SATA (aina ya zile za ndani ya laptopu) ndani kwa ndani, yangu pia inayo, kimlango kiko chini. Nikachukua diski ya kuzunguka ya GB 500 iliyotoka kwenye laptopu iliyovunjika kioo, nikaifunga humo, nikajaza nyimbo kama elfu kumi na nne na videwo kadhaa. Miezi mitano maisha matamu. Hakuna waya unaoning'inia, hakuna mtoto wa ukoo anayepita akivuta.

Mwezi wa sita ikaanza ujanja. Unapakia wimbo, yale mawimbi kwenye kioo yanajichora mpaka nusu alafu yanasimama. Unasubiri. Yanaendelea. Mara ya kwanza nikasema ni faili bovu. Alafu kukawa na folda moja ya zilipendwa, kila ukiigusa mashine inaganda kama sekunde kumi na tano. Siku ya send-off moja Tabata, saa tatu usiku, bibi harusi mtarajiwa yuko mlangoni na wasimamizi wake, MC ameshasema "DJ tafadhali", mi nimeminya, kioo kimeganda. Sio wimbo tu, kioo chote. Ukumbi kimya mpaka unasikia feni. Niliishiwa pozi jamani. MC yule Mungu ambariki akawaambia kina mama wampokee mwali kwa vigelegele na makofi wenyewe, wakaimba, watu wakajua ndo ilivopangwa, mi nipo chini ya meza nachomoa waya wa umeme.

Kesho yake badala ya kwenda Kariakoo nikaona mbali, nikampelekea fundi mwingine wa karibu na nyumbani. Huyu kwa kweli sina ubaya naye, ni kijana ana heshima zake, ila aliniumiza. Akachomeka diski kwenye kompyuta akasema ina sekta mbovu, yani vipande vidogo vya diski visivyosomeka, tunairekebisha, akaendesha ile chkdsk ya Windows yenye kukagua diski nzima, ikalala usiku kucha inasaga. Asubuhi akanikabidhi, elfu thelathini, "iko poa bro". Nikafungua. Folda ya zilipendwa haipo. Ya taarabu nusu. Kuna folda mpya inaitwa FOUND.000, ndani yake mafaili 612 yanaitwa FILE0000.CHK, FILE0001.CHK, mpaka macho yanauma.

Nikapanda zile ngazi tatu.

Mzee nilipomwambia chkdsk alikaa kimya muda mrefu, alafu akasema taratibu kwamba mgonjwa anakata roho we unamkimbiza uwanjani mizunguko mia. Maana yake ni hii, na mtu yeyote mwenye nyimbo zake kwenye diski aishike: diski inayokufa ina idadi fulani ya kusomwa iliyobakia, hujui ni ngapi. Ukiitumia hiyo nafasi kukagua na kukarabati unaimaliza, alafu zile programu za ukarabati zinaandika humohumo kwenye diski mbovu, zinahamisha vitu, zinakata majina. Kinachotakiwa ni kuikopi yote kwanza, kama ilivyo na ubovu wake, kwenda kwenye diski nyingine isiyo mbovu, alafu ndo ukarabati unafanyika kwenye kopi. Yule kijana alifanya cha pili kabla ya cha kwanza.

Akaichomeka, ila kwa waya wa SATA moja kwa moja kwenye kompyuta, sio kwa adapta ya USB, maana adapta nyingine haziruhusu kuona afya ya diski. Akafungua CrystalDiskInfo, ni ya bure, hata wewe unaweza ukaipakua. Diski yenye afya inaonesha bluu, yangu njano. Akanionesha mistari minne tu kati ya yote ile. 05 ni sekta ambazo diski imeshazitelekeza ikahamia kwenye akiba. C5 ni zile inazozitilia shaka, zinasubiri hukumu. C6 ni zilizoshindikana kabisa. Na C7 ni makosa ya njiani, kati ya diski na mashine, ambayo mara nyingi ni waya au pini za kuchomekea na sio diski yenyewe. Yangu C7 ilikuwa sifuri, C5 ndo ilikuwa imejaa. Nikaona imeandikwa 1A8 nikamuuliza hiyo A imefuata nini, kumbe programu inaandika kwa hesabu za kompyuta, unaingia kwenye mipangilio unaibadilisha ikuoneshe kwa hesabu za kawaida. Ikawa 424. Sekta mia nne ishirini na nne zinasubiri hukumu. Nikatamani ningeachiwa ile 1A8.

Alafu akaniuliza swali ambalo yule kijana wa chkdsk hakuuliza.

"Mashine huwa unaiweka wapi?"

Mezani.

"Meza iko wapi?"

Hapo nikaanza kujikuna. Meza yangu ya kazi ni ubao ninaoulaza juu ya sabufa mbili za inchi 18. Inapunguza mzigo, hubebi meza, na inapendeza kwa mbele ukitundika kitambaa. Mwaka mzima ndo hivo, na mi kazi zangu nyingi zinaishia na singeli.

Mzee akachukua diski mbovu ya siku nyingi anayoitunza kwenye boksi la biskuti, imefunguliwa mfuniko, akanionesha. Sahani inang'aa kuliko kioo cha kunyolea, na mkono mdogo wenye kichwa ncha yake kama punje ya mchele. Ile sahani inazunguka mara 5400 kwa dakika na kichwa hakiigusi, kinaelea juu yake kwa nanomita chache, unywele wa mtu ni mnene mara maelfu kuliko hiyo nafasi. Sasa chukua kitu kama hicho kiweke juu ya sabufa. Sio kwamba kinavunjika siku hiyohiyo. Kinatetemeka, kichwa kinakosa mstari, diski inarudia kusoma, inarudia, wimbo unachelewa, na siku ukiibeba mashine ikiwa bado inazunguka kwasababu gari imefika na kamati wanataka kufunga ukumbi, ndo kichwa kinabusu sahani.

Akanipigia na stori moja ambayo nilijua ni za kijiweni, nikaenda kuitafuta nikakuta kweli. Mwaka 2022 mwezi wa nane, mhandisi wa Microsoft anaitwa Raymond Chen alisimulia kisa cha enzi za Windows XP, kuna laptopu za kampuni moja kubwa zilikuwa zinazima ukipiga videwo ya Rhythm Nation ya Janet Jackson, na sio laptopu inayopiga tu, hata ya jirani iliyokaa imetulia nayo inazima. Ule wimbo ulikuwa na masafa ya sauti yanayoendana na mtikisiko wa asili wa diski za 5400 zilizokuwa ndani. Kampuni ikaweka kichujio kwenye sauti kinachoondoa yale masafa. Na hiki kitu kimeingizwa rasmi kwenye orodha ya udhaifu wa kiusalama wa kompyuta, CVE-2022-38392. Kwahiyo laptopu za watu zilizimishwa na vispika vidogo vya laptopu, mi nilikuwa nimeikalisha yangu juu ya inchi 18 mbili nategemea miujiza.

Kazi ya kukopi ilifanyika kwa ddrescue, hii ni ya Linux, haina picha wala rangi, maandishi tu kwenye kioo cheusi. Niliisoma mwenyewe kwasababu nilikaa pale siku ya kwanza karibu yote. Inapita kwanza inachukua kila kinachosomeka kirahisi, ikikutana na sehemu ngumu inaruka inasonga mbele, haing'ang'anii. Ikishamaliza vizuri vyote ndo inarudi kwa vile vigumu, kidogokidogo. Na kila kitu inakiandika kwenye faili la ramani, hivo umeme ulipokatika jengo zima, na ulikatika mara mbili, iliendelea pale ilipoishia. Mzee alilaza diski juu ya sponji la kuoshea vyombo, feni imeielekea. Nikamuuliza vipi ile ya kuweka diski kwenye friji nimesikia inasaidia, akaniambia mwanangu friji ni ya samaki, ukiitoa humo inatoa jasho ndani na maji yanakaa juu ya sahani.

Mwisho ilisoma 99.98 kwenye mia. Nikashangilia. Mzee akasema subiri, hizo 0.02 zilizobaki hujui zimeangukia wapi. Zilikuwa zimetawanyika, nyimbo 38 zina mkwaruzo katikati, unasikia kama mtu kameza neno. Hizo nimezipata tena kwa watu. Kilichonitesa ni yale 612 ya .CHK ambayo ni zawadi ya ule usiku wa chkdsk. Ukibadilisha mwisho wa jina kuwa .mp3 yanapiga, ila hujui ni nini mpaka usikilize. Mzee akanielekeza Mp3tag, inasoma jina la msanii na wimbo lililoandikwa ndani ya faili lenyewe alafu inalibandika kuwa jina la faili, mia tano na kitu zikajipanga kwa dakika mbili nikataka kulia. Zilizobaki ni zile tunazopakua ovyo, ndani yake badala ya jina la wimbo kuna jina la tovuti. Nilikuwa na nyimbo 47 zote zinaitwa tovuti moja. Nilizisikiliza moja moja, wiki nzima, mke wangu ananiuliza kwani we hizi nyimbo huzijui.

Alama zangu za kyu, zile za kuonesha wimbo nauanzia wapi, na plelisti zilipotea zote, hizo zinakaa kwenye folda ya mfumo wa mashine na ile ilikuwa imechanika. Kama huwa hukopi hiyo folda, anza leo, nyimbo utazipata popote, miaka mitatu ya kyu huipati popote.

Diski mpya ikawa lazima iwe SSD, isiyo na kitu kinachozunguka ndani. Hapa nikajifanya mjanja nikashuka chini mwenyewe kutafuta, nikapata duka moja barabarani wana ya TB 2, elfu 45, boksi linang'aa. Nikapanda nayo nikiwa nacheka. Mzee aliipima mkononi tu, kwa uzito, akanirudishia bila kusema. Nikang'ang'ania ijaribiwe. Tukaweka H2testw, inajaza diski yote na mafaili yake alafu inayasoma tena kuhakikisha yaliyoingia ndo yanayotoka. Ilipita GB 58 vizuri, baada ya hapo takataka tupu. Yani ingepokea nyimbo zangu zote, ingeonesha majina yote, na ukumbini ningeminya ningekuta hewa. Tukaifungua, ndani kuna kibao kidogo na kadi ya memori ya simu imebandikwa na gundi, na kipande cha chuma cha kuongezea uzito, ambacho hata nacho hakikutosha kumdanganya yule mzee. Muuza duka nilimrudia akasema tuliuziana ikiwa nzima. Elfu 45 hiyo ni ada yangu ya shule.

Ya kweli niliipata kwa mtu aliyenielekeza mzee, TB 1, laki moja na themanini, tukaijaribu hivohivo masaa mengi mpaka mwisho ikapita. Kuifunga mwenyewe unaweza, zima mashine, chomoa umeme kabisa, fungua kimlango, iingie kwa kuteleza usiilazimishe kwenye pini, funga skrubu, washa, fomati kwa namna mashine yako inavyotaka. Miezi minne sasa haijaganda hata mara moja na folda zinafunguka kabla kidole hakijatoka kwenye kioo. Sabufa nimezishusha chini, natembea na meza ya kukunja, chini ya mashine nimeweka kapeti la mlangoni.

Ila SSD nayo isikufanye ulale. Mzee alinionya kwamba ile ya kuzunguka ikitaka kufa inakulilia kwanza, inapiga tik, inachelewa, inakupa wiki kadhaa, SSD inaweza ikafa kimya kimya, jioni ipo asubuhi haipo. Kwahiyo nina flashi yenye nyimbo mia tatu za lazima, za kuingilia, za keki, za zawadi, za kutolea wazazi, imechomekwa tundu la pili muda wote shughuli ikiendelea. Na kopi nzima iko nyumbani kabatini, na nyingine kwa dada yangu Morogoro. Nilimwambia ni nyaraka.

Bei kwa mara ya tatu ilikuwa elfu 80 ya kukopi na kurudisha, SSD nilinunua mwenyewe. Kwa kazi ya siku nyingi vile naona ni haki kabisa, hasa ukilinganisha na elfu 30 niliyolipa kuharibiwa.

Kasoro zipo. Alisema siku tatu, zikawa tisa, na kazi mbili nilizipiga kwa mashine ya kukodi. Simu hapokei akiwa anafanya kazi, na anafanya kazi muda wote. Ijumaa mchana usihangaike kupanda. Risiti hana, anakuandikia kwenye kipande cha boksi. Na kuna hii ya mwisho: siku nakwenda kuchukua diski yangu, niko kwenye ngazi ghorofa ya pili, nasikia mziki mzuri unashuka kutoka juu, nikatingisha kichwa, nikasema huyu DJ anajua kuunganisha. Nikaingia. Ni mix yangu, ya harusi ya binamu yangu, na sauti yangu humo nawasalimia kina shangazi wa Tanga, inapiga kwenye kispika cha yule kijana wa kava. Alijikopia wakati mzee ameenda kuswali. Mzee alimfokea mbele yangu akamwamuru afute, kijana akaniambia "braza ni kali lakini", nikakosa cha kujibu.

Nampa nyota nne. Ya tano ameishika yule kijana, maana wiki iliyopita nilipita pale chini nikaisikia tena.